Siku Niliyosema Nimeelewa

Kila nipitapo penye karakana ya maseremala karibu na soko hapa Iringa, harufu ya tapentaini hunisimamisha. Wenzangu huziba pua kwa ncha ya kanga wakaharakisha. Mimi husimama, nikavuta pumzi ndefu, mpaka mjukuu wangu aniulize kama nimechoka au nimesahau tunakokwenda. Sijachoka wala sijasahau. Nacheka tu kimoyomoyo, na kifua chote kinalegea kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Watu wa umri wangu wana harufu zao za utotoni, za moshi wa jikoni, maziwa ya mgando, au mvua ya kwanza kwenye vumbi. Yangu ni tapentaini, na inanikumbusha jinsi nilivyokaribia kumuua babu yangu nisimuue. Hilo la kutomuua ndilo linalonichekesha, kwa sababu hata leo bado nashukuru.

Nilikuwa na miaka tisa, au labda kumi, maana wakati huo siku za kuzaliwa hazikuandikwa popote. Nilikuwa darasa la tatu, hilo nalikumbuka vizuri, kwa kuwa nilijivunia mno. Ilikuwa miaka ya hamsini, na nyumbani kwetu kulikuwa Rungwe, kwenye miteremko ya mlima, mahali ambapo masika ikianza watu husahau rangi ya mbingu. Mvua kwetu haikuwa habari. Ilinyesha juu ya migomba, ikanyesha juu ya kahawa, ikanyesha juu ya ng'ombe waliosimama wameinamisha vichwa, na sisi tukaendelea na kazi zetu. Baba alikuwa Chunya. Alikuwa seremala, akiwatengenezea milango na vitanda watu waliokwenda huko kufuata dhahabu, na kaka yangu mkubwa alikwenda kukaa naye ili ajifunze kushika randa. Baba alikuja nyumbani mara mbili kwa mwaka, nguo zake zikinuka rangi na tapentaini, na mama alizifua mara tatu kisha akazianika, na bado zilinuka. Nadhani hakutaka harufu ile iishe kabisa, ingawa alilalamika sana.

Kwa hiyo nyumbani tulibaki watatu. Mimi na mama tulikaa nyumba yetu, na babu, mzaa baba, alikaa nyumba yake ya mianzi ng'ambo ya shamba la migomba. Bibi alikuwa amekwisha kufariki. Mtu asiye wa kwetu angeuliza kwa nini mzee mjane asihamie kwa mkwewe, naye angejibiwa kwa kicheko. Kwetu Unyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Sisemi hawapendani, nasema hawaonani. Mama aliolewa miaka kumi na sita kabla ya masika hiyo, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuiona sura ya babu, wala babu hakuwahi kuiona yake. Hawakusemezana hata neno moja. Mama hakutaja jina la babu, na hata maneno ya kawaida yaliyofanana na jina lile aliyakwepa akatafuta mengine. Ndivyo mwanamke mwenye adabu alivyomheshimu mzazi wa mumewe, na mama alikuwa na adabu mpaka majirani walichoka kumsifu.

Lakini waliishi jirani, na watu wanaoishi jirani hawana budi kujuana habari. Basi walikuwa na sauti zao. Chakula kikiwa tayari, mama alitwanga kinu kitupu kwa mchi mara mbili, na babu akajua kwamba sahani iko njiani. Mama akitaka kupita njia iliyopita karibu na nyumba ya babu, kwenda mtoni au shambani, alishika jembe mkono mmoja na jiwe mkono mwingine, akaligonga jembe akienda, ngwe, ngwe, ngwe, na babu popote alipokuwa akageuka, au akaingia ndani, au akajifunika blanketi mpaka sauti ipite. Babu naye alikohoa kidogo kabla ya kutoka mlangoni. Kwa mlio wa shoka la mama babu alijua kama ameamka vizuri. Mara moja aliniambia, "Mama yako leo ana hasira, anapasua kuni kama anaadhibu mtu." Nilirudi nikamkuta mama amenuna kweli, mbuzi alikuwa amekula mboga zake.

Mambo makubwa kuliko sahani na njia yalipitia mdomoni mwangu. Kabla yangu kazi hiyo ilikuwa ya kaka, na alipoondoka nikairithi bila kuulizwa. Mama akinituma alinisimamisha mbele yake na kuniambia maneno, halafu akasema, "Nirudishie." Niliyarudisha. Nikikosea hata neno moja alianza upya, kwa kuwa maneno yakishavuka migomba hakuwa na njia ya kuyasahihisha. Babu naye alikuwa vilevile: aliniambia jibu, akafumba macho, akasema, "Nirudishie." Nilichukia mtindo ule. Watoto wenzangu walitumwa wakakimbia, mimi nilitumwa nikasimama nikikariri kuhusu mbegu za maharage. Si mama wala babu aliyewahi kuniuliza kama nimeelewa. Hilo lilikuwa swali la shuleni.

Shuleni mambo yalikuwa mepesi. Mwalimu alieleza kwa Kiswahili, ambacho wengi wetu tulikuwa tunakiokota kipande kipande kama kuni zenye maji, kisha akauliza, "Mmeelewa?" Nasi sote, hata yule wa nyuma aliyekuwa amelala, tukaitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu, tumeelewa!" Ulikuwa kama wimbo. Mwalimu alifurahi, akafuta ubao, akaendelea. Nilijifunza mapema kwamba neno lile lina kazi nyingi. Ulilisema ili mkubwa afurahi, au ili usichekwe, au ili kengele ilie haraka ukacheze. Wakati mwingine ulilisema kwa kuwa umeelewa kweli, lakini hiyo ilikuwa bahati. Mimi nililisema kwa sauti nzuri kuliko wote, na mwalimu alinisifu kwa Kiswahili changu.

Masika ile babu alianza kukohoa. Mwanzoni hakuna aliyejali, maana ukungu wa kwetu humkohoza kila mtu. Kisha kikohozi kikashuka kifuani, kikawa kizito, na babu akaacha kwenda kutazama ng'ombe wake, jambo ambalo hata mtoto alijua ni baya. Mama alikuwa akimenya ndizi jikoni, mara mkono ukasimama hewani. Alikuwa anasikiliza. Alikihesabu kikohozi kile kutoka ng'ambo ya migomba, akajua kipi kimetoka na kipi kimekwama. Siku ya tano alinituma nimwambie babu apelekwe zahanati ya misheni kwa machela. Babu akajibu kwamba atabebwa siku moja tu, nayo bado. Nikamrudishia mama jibu hilo mara mbili. Mama hakubishana. Alichukua chupa mbili za kioo ambazo baba alizileta kutoka Chunya, akaziosha kwa mchanga na majivu, kwa kuwa zahanati ilitoa dawa lakini chupa ulikwenda nayo mwenyewe. Akasema, "Kesho huendi shule. Utakuwa mdomo wangu."

Mama hakujua Kiswahili zaidi ya salamu na kuulizia chumvi dukani. Dresa wa zahanati ile, yaani mganga msaidizi aliyegawa dawa, naye alikuwa Mhehe kutoka Iringa, mgeni kwetu, kijana mrefu mwenye koti jeupe lenye madoa ya iodini, na hakujua Kinyakyusa. Tulitembea asubuhi nzima kwenye matope, tukakaa kwenye benchi refu barazani, na ilipofika zamu yetu nilisimama mbele ya meza yake nikaanza kueleza. Nilieleza vizuri mno. Nilisema babu anakohoa, kifua kinamchoma, mgongo unamuuma, hawezi kuja. Nyuma yangu watu wa benchi walinyoosha shingo. Nikasikia mwanamke mmoja ananong'ona, "Huyu mtoto wa nani, anasema Kiswahili kama mwalimu?" Na mwingine akajibu, "Ni wa yule seremala."

Tangu hapo sikusikia kitu kingine. Nilijaa kama kibuyu. Dresa alizichukua chupa zetu, moja akaitia dawa ya kahawia, nyingine akaitia dawa nyeupe nzito, akaziba kwa magunzi, akazinyanyua moja moja mbele ya uso wangu huku midomo yake ikienda. Leo najua alichosema, maana alinieleza tena kesho yake. Siku ile niliona midomo tu, nikasikia vipande, kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula, na kusugua. Mwishoni akaniinamia. "Umeelewa?"

"Ndiyo, Bwana Dresa, nimeelewa!" nilijibu kwa ile sauti ya darasani, na benchi likaguna kwa kunisifu.

Njiani mama aliuliza amesema nini. Hapo ndipo nilipotambua kwamba sijui. Ningeweza kugeuka, tulikuwa hatujafika hata darajani. Lakini mama alikuwa ananitazama kwa fahari ambayo sikuwa nimeiona usoni pake, na mimi sikuwa tayari kuipoteza kwa ajili ya chupa. Nikafikiri haraka. Nyeupe ilifanana na maziwa, na babu aliishi kwa maziwa, kwetu hakuna mzee anayeishi kwa kitu kingine. Ile ya kahawia ilifanana na maji ya kulowekea ngozi, na nani atayanywa hayo? Nikasema, nyeupe ni ya kunywa, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni baada ya chakula. Ya kahawia ni ya kusugua kifuani. Mama akasema, "Nirudishie." Nikarudisha. Akataka mara ya pili na ya tatu, nikarudisha bila kukosea hata silabi. Kwa kawaida nilijikwaa. Siku ile sikujikwaa kwa sababu hayakuwa maneno ya dresa, yalikuwa yangu mwenyewe, na maneno yako mwenyewe hayakupotei. Mama akaridhika.

Tulifika nyumbani mchana umekwisha kupinda. Mama alipika ndizi laini za mgonjwa, akatwanga kinu mara mbili, akanipa sahani, chupa mbili na kijiko. Mvua ilikuwa inanyesha vizuri. Nilivuka migomba nikamkuta babu ameketi kitandani, mgongo ameegemeza kwenye mianzi, blanketi mabegani. Alikula kidogo kwa adabu tu. Kisha nikafungua chupa nyeupe nikamimina kijiko tele. Babu alinusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Hii ni kali," alisema.

"Ni dawa, babu."

"Mama yako ndiye aliyesema ninywe?"

"Ndiye."

"Basi," akasema, akanyoosha mkono kupokea kijiko. Hakuuliza zaidi. Mtu ambaye hajawahi kumwona alikuwa amemletea kitu kinachonuka vile, naye akakipokea.

Wakati huohuo, ng'ambo ya migomba, mama alikuwa anafua kitambaa alichofungia zile chupa. Gunzi la chupa nyeupe lilikuwa limevuja njiani na kitambaa kilikuwa na doa. Alinieleza habari hii mara nyingi baadaye, na kila mara alianza kwa kuona haya kidogo. Alikinusa, akatabasamu, kwa sababu kilinuka nguo za baba. Alikaa pale akitabasamu kwenye mvua akimwaza mumewe. Kisha tabasamu likamwishia. Hii ni ile wanayochanganyia rangi ya milango, alijiambia. Mtu hawezi kunywa kitu cha kuchanganyia rangi ya milango.

Aliniita. Mvua juu ya majani ya migomba ilikuwa kubwa kuliko sauti yake, sikusikia. Hakuwa na mtu wa kumtuma, maana mtu wa kutumwa nilikuwa mimi. Kumwita babu hakuweza, jina lile lilikuwa halijawahi kupita kinywani mwake. Basi alinyakua jembe na jiwe, akakimbia huku anagonga.

Sisi tulisikia ngwe ya kwanza kijiko kikiwa mbele ya midomo ya babu. Mkono wake ulisimama. Alijua mwendo wa jembe lile kwa miaka kumi na sita, lilivyopita taratibu upande wa mtoni na kupotea. Siku ile halikupita. Liligongwa haraka haraka, bila mpangilio, na lilikuwa linakuja moja kwa moja mlangoni kwake. Macho yake yalinitoka mimi yakaenda ukutani, nikamwona anafikiri. Kisha akafanya kile ambacho adabu ilimtaka afanye: akaacha kila kitu, akageukia ukuta, akajifunika blanketi gubigubi. Kijiko kilianguka chini, na dawa nyeupe ikatambaa kwenye udongo wa sakafu.

"Tusekile!" Sauti ya mama ilikuwa nyuma ya ukuta wa mianzi, karibu kiasi cha kugusa. "Babu yako asinywe! Ile nyeupe isimfike mdomoni!"

Mvua tu. Kisha kutoka ndani ya blanketi babu akasema, kwa utulivu kama anaagiza maharage, "Mwambie mama yako nimeelewa. Sijanywa."

Mama alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Mianzi ile ilipitisha hata pumzi. Alisikia kila neno. Lakini nilipotoka nje nilimkuta amesimama na jembe lake, ameupa mgongo ukuta kama ilivyopasa, nguo zimemganda mwilini, ananisubiri nimletee habari. Nikasema, "Babu anasema ameelewa. Hajanywa." Mama akafumba macho. "Nirudishie," akasema. Nikarudisha. Ndipo akaketi palepale kwenye matope, akalia, kisha akacheka, kisha sikujua tena kipi ni kipi. Nami nikaketi kando yake nikalia kwa sauti kuliko yeye. Furaha ile sijawahi kuipata tena kwa ukamilifu wake, hata siku niliyoolewa, na mume wangu alijua hivyo akanisamehe.

Alipotulia aliniuliza dresa alisema nini hasa. Nikamwambia sijui. "Ulisema umeelewa." Nikamwambia ndiyo, nilisema. Nilijiandaa kwa fimbo, na kwa kweli niliitamani, ili mambo yaishe. Mama hakunigusa. Alisema kesho tutarudi, na nitamwambia dresa mwenyewe, kwa Kiswahili changu kizuri, mbele ya watu. Ningependa fimbo kumi kuliko hilo.

Njia ya kesho yake ilikuwa fupi kupita kiasi. Benchi lilikuwa limejaa kama jana, na nadhani baadhi yao walikuwa wale wale. Nilisimama mbele ya meza, chupa mbili mkononi, nikasema kwa sauti ambayo haikuwa ya darasani hata kidogo, "Bwana Dresa, jana sikuelewa."

Aliinua macho. Alikuwa amechoka na hakupendezwa. "Mbona ulisema umeelewa?"

"Kwa sababu uliniuliza."

Nilikuwa nasema kweli, sikuwa na jeuri. Alinikazia macho, kisha akamtazama mama, kisha zile chupa, na nikaona uso wake unabadilika. "Mzee kanywa nyeupe?" aliuliza polepole. Nikatikisa kichwa kukataa. Alijiachia kwenye kiti akajipangusa uso kwa kiganja. Akasema, "Mungu wangu. Ile ingemchoma matumbo yote." Alikuwa kijana kweli, sasa naelewa, labda hakufika miaka ishirini na mitano, na alikuwa peke yake katika zahanati ile na watu wote wale.

Alinieleza upya. Nilisikiliza kwa masikio, macho na ngozi. Ya kahawia ni ya kunywa, nyeupe ni ya kusugua kifuani na mgongoni. Alifunga uzi kwenye shingo ya chupa ya kahawia. Kisha akafungua mdomo kuuliza lile swali lake, akaufunga. Nadhani aliona kwamba jibu la swali lile analo tayari. Mimi nikamwokoa. "Nikurudishie?" nikauliza, na bila kungoja nikamrudishia yote, kijiko, asubuhi, jioni, uzi, na kwamba nyeupe isifike mdomoni hata tone.

Nilidhani yameisha. Lakini dresa alikuwa ameinua kichwa anatazama uani, ambako mzee mmoja aliyekuwa mbele yetu kwenye foleni alikuwa anaondoka na vidonge vyake kwenye jani la mgomba. "Mwite," akaniambia. Mzee akarudi. "Muulize nimemwambia nini kuhusu vidonge hivi." Nikamuuliza kwa Kinyakyusa. Mzee akafikiri, akajibu kwa heshima zote, "Amesema nipone." Baraza lote likaangua kicheko, na mzee mwenyewe akacheka. Dresa hakucheka. Alimwita mama mmoja aliyepewa dawa ya matone ya sikio, naye akasema atampa mtoto anywe na uji. Asubuhi ile hatukuondoka. Nilisimama kando ya meza mpaka jua la saa sita, nikiwauliza watu watuambie walichoambiwa, na karibu nusu yao walituambia walichotamani. Wote walikuwa wamemwitikia ndiyo, wameelewa. Dresa alinieleza kwamba ana mwaka mzima pale, na kwamba watu wa kwetu hawakuwahi kumpinga wala kumuuliza kitu, akadhani ni kwa sababu anaeleza vizuri. Kabla hatujaaga alitaka nimfundishe kusema "nirudishie" kwa lugha yetu. Alilitamka kwa lafudhi ya Kihehe, benchi likacheka tena, na safari hii naye akacheka.

Babu alikunywa ya kahawia, akasuguliwa nyeupe na mimi, nyumba yake ikanuka karakana ya baba, na kikohozi kikaanza kupungua. Mama alikisikiliza kikipungua huku akimenya ndizi zake. Sasa sikia jambo moja ambalo sikulitegemea. Asubuhi moja hakikuja kabisa. Kuliamka kimya ng'ambo ya migomba, na mama, ambaye alikuwa amekiombea kimya hicho wiki tatu, aliganda na kisu mkononi. Nikaona rangi yake inaondoka. Hakuweza kwenda kuchungulia. Aliniangalia, na nikajua anataka kunituma na anaogopa kile nitakachomrudishia. Ndipo tukasikia ko, ko. Fimbo kwenye nguzo ya mlango. Mara mbili, kisha basi.

Babu hakuwa ameambiwa na mtu. Alikuwa amelala kitandani, ameamka amepona, akasikia kimya chake mwenyewe, akajua kuna mtu upande wa pili ambaye kimya hicho kinamtisha. Tangu siku ile aligonga nguzo kila asubuhi mpaka alipofariki miaka sita baadaye, na kila asubuhi mama alisimamisha kazi, akasikia, akaendelea. Hawakuwahi kuonana. Mimi niliyejua Kinyakyusa na Kiswahili na kusoma mpaka darasa la tatu nilikuwa ndiye mjinga katika watu watatu.

Nilikuja kuwa mwalimu, nikafundisha Iringa miaka mingi, nikaolewa hukuhuku, na sikuwahi kuwauliza wanafunzi wangu kama wameelewa. Niliwaambia wanirudishie, wakanipa jina la utani kwa hilo, nikajifanya silijui. Siku hizi naishi na mwanangu na mkewe, Mbena wa Njombe, msichana wa maana kabisa. Tunakula meza moja, tunaazimana viatu, tunabishana kuhusu chumvi. Ile desturi ya kwetu, iliyomhusu baba mkwe zaidi, nyumbani kwangu imekwisha na siililii, ingemnyima mjukuu wangu vicheko vingi. Mkwe wangu huyo ananitumia ujumbe kwenye simu kutoka kazini kutwa nzima, dawa ya presha, mama, umeelewa, mama, nami humjibu nimeelewa, kisha naandika tena alichoandika, neno kwa neno, mpaka anakasirika.

Mwezi uliopita nilishikwa na mafua mabaya, nikakohoa wiki nzima kwenye chumba changu cha uani. Asubuhi moja niliamka kifua kimekauka, chepesi, nikalala tu nikifurahia jua lililoingia dirishani. Kisha nikasikia kandambili za mkwe wangu zinakuja uani, zinasimama nje ya mlango. Hakubisha wala hakuita. Alisimama pale, nikasikia hata pumzi yake, na nikaujua ule usimamaji. Nilinyoosha mkono nikagonga ubao wa kitanda, ko, ko. Pumzi ndefu ikatoka upande wa pili, kandambili zikaondoka kuelekea jikoni, na baada ya kitambo nikasikia sufuria inawekwa jikoni.